Mabalozi Wawili wa Nyamisangura

Siku Selestine aliponiambia yeye ni balozi, nilimuuliza nyumba zake kumi ziko wapi.

Sikuwa namtania. Kwetu Nyamisangura balozi ni mtu mmoja tu, yule anayesimamia nyumba kumi. Ukitaka kitambulisho anakuandikia barua, ukigombana na jirani kwa sababu ya mbuzi anakuja kuwaamua. Balozi wetu alikuwa Waitara, shemeji yangu, maana yeye na marehemu mume wangu walikuwa wa ukoo mmoja. Nyumba yangu ilikuwa ya nne katika daftari lake. Sasa huyu mtu mrefu, amekonda, viatu vimeisha soli, ameletwa kwangu na mwanasheria Eugenia kwa bajaji, anakaa kwenye kigoda changu na kusema yeye ni balozi. Ningeuliza nini kingine?

Eugenia alicheka hadi akashika mbavu. Mama yake aliwahi kufundisha shule ya hapa, akapanga kwangu miaka sita, kwa hiyo huyu mwanasheria nimemwogesha mwenyewe kwenye beseni.

"Bibi, siyo balozi wa nyumba kumi. Ni balozi wa watu wanaotaka nchi yao."

"Kwani hawana nchi?"

"Wako ndani ya nchi nyingine. Wanataka kutoka."

"Kama mtoto tumboni."

"Kama mtoto tumboni, Mama," Selestine akadakia. "Ila aliyetubeba hataki kuzaa."

Nikampenda hapo hapo, kwa jibu hilo.

Nchi yao sitaitaja, nisije nikaletewa gari jingine. Iko mbali, upande wa jua linakozama. Watu wa milimani kwao waliasi, wakamtuma Selestine azunguke kwa wakubwa wa dunia kuwasemea. Alizunguka miaka kumi na moja. Serikali yake ikatoa hati: popote atakapoonekana akamatwe, arudishwe, ashitakiwe kwa mauaji. Nchi moja ikamfukuza. Nyingine ikamfunga, halafu ikamwachia. Ya tatu, nchi ya baridi huko juu, ikasema itampokea lakini karatasi zake bado. Katika kukimbiakimbia ndipo akavuka mpaka pale Sirari, akaenda mwenyewe polisi na kuomba hifadhi. Serikali yake ikaandika: turudishieni mtu wetu. Eugenia akakimbilia mahakamani. Mahakama ikasema asiguswe mpaka hukumu isomwe, Ijumaa ya wiki ya tatu. Mpaka siku hiyo asitoke wilaya ya Tarime, na kila Jumatatu akaripoti polisi Bomani.

"Akivushwa Sirari tu," Eugenia alinieleza, "zuio la mahakama yetu halimfuati. Watu wa serikali yake wana ndege inamsubiri. Na akifika kwao, Bibi, gerezani hafiki."

"Anafika wapi?"

Eugenia alitazama kuku wangu wakichakura.

Jioni Waitara akaja na daftari, maana hakuna mgeni aliyelala katika nyumba zake kumi bila kuandikwa. Alikuwa mtu mnene, mwenye ndevu na sauti ya kuitia ng'ombe.

"Jina?"

"Selestine."

"Kazi?"

"Balozi."

Waitara akainua kalamu. "Shemeji, umeniletea mpinzani? Uchaguzi bado!" Akamgeukia mgeni. "Nyumba ngapi wewe?"

"Watu milioni tatu."

"Hee! Wote uko nao kwenye daftari?"

"Niko nao. Wengine nimeshawafuta."

Waitara akashusha kalamu. Alikuwa na mdomo mwingi lakini hakuwa mjinga. "Hata mimi nafuta," akasema. "Nyumba ya tisa wamekufa wawili mwaka jana." Akaandika polepole, kwa herufi kubwa. "Basi wewe ni balozi mkubwa, mimi balozi mdogo. Lakini ukipigana hapa, anayekuamua ni mimi. Umesikia?"

"Nimesikia, mheshimiwa."

"Ameniita mheshimiwa! Shemeji, huyu mtu mlishe vizuri."

Wiki mbili tukakaa. Asubuhi tulipukuchua mahindi pamoja, na mimi nikiwa na mahindi mkononi vitendawili haviniishi mdomoni.

"Kitendawili!"

"Tega."

"Hakina makali, lakini kimekata boma la Mkurya vipande viwili."

Alifikiri mpaka gunzi likaisha. "Ugomvi wa urithi?"

"Nipe mji."

Mnajua mchezo ulivyo: ukishindwa unatoa mji, mwenye kitendawili anauchukua ndipo anakupa jibu. Selestine alinipa mji mkuu wa nchi yake bila kufikiri. Nikaenda nikala, nikashiba, nikamwambia jibu ni mpaka. Akacheka, akafuta macho. Miji yote alinipa, yenye bandari, yenye madini, yenye ikulu. Lakini nilipomwomba Kivuma, kamji kadogo ka milimani alikozaliwa, akakataa.

"Huo haupatikani, Mama."

"Ni mchezo tu, baba."

"Najua. Haupatikani."

Siku moja nikamuuliza lile ambalo Eugenia alinikataza kuuliza. "Hayo mauaji wanayosema. Uliua?"

"Niliandika barua. Barua zikaleta bunduki. Bunduki zikaenda kwenye daraja, wakafa askari arobaini, vijana. Mkono wangu haukushika kitu ila kalamu."

"Hilo siyo jibu."

Akatupa gunzi kwenye ungo. "Ndiyo, Mama. Niliua."

Sikumwonea huruma, wala sikumfukuza. Nilimpa hindi jingine.

Jumanne ya wiki ya tatu, saa nne asubuhi, gari jeupe likasimama kwenye meza ya nyanya ya Scholastica. Wanaume watatu. Aliyevaa kofia akateremsha kioo na kuuliza kwa Kiswahili cha mbali: "Mama, balozi anakaa wapi?"

Scholastica akafanya ambavyo mtu yeyote wa hapa angefanya. Akanyoosha kidole. "Balozi? Pale kwenye bati jekundu. Mkimkuta ameenda shambani mtamsubiri."

Mimi nilikuwa nafua nyuma ya ua wa minyaa, hatua thelathini kutoka kwa Waitara. Selestine alikuwa ndani ananyoa. Niliona gari likiingia, nikadhani ni watu wanaotaka barua za kitambulisho. Waitara akatoka akifunga vifungo vya shati.

"Wewe ndiye balozi?" mwenye kofia akauliza.

"Ndiye mimi. Karibuni, ketini. Mmetokea wapi? Wageni lazima niwaandike."

Mwenye kofia alitazama karatasi mkononi. Baadaye tulielewa ilikuwa picha ya zamani, ya Selestine aliponenepa kwa vyakula vya mikutano, akiwa na ndevu. Akaikunja. Akatabasamu. Mwenzake akatoa kipande cha bomba kutoka nyuma ya mguu na kumpiga Waitara gotini. Nilisikia mfupa. Huo mlio haufanani na kitu kingine chochote.

Waitara hakuanguka. Alimshika yule mwenye bomba shingoni, akamgongesha kwenye ukuta mara mbili, damu ikabaki ukutani. Wa tatu akampiga Waitara kisogoni kwa bastola, mara ya kwanza, ya pili, mpaka magoti yote yakakunjika. Wakamvika gunia kichwani. Boke mke wake akatoka jikoni na mwiko wa moto akamchoma mmoja shavuni, na yeye akapigwa kitako cha bastola hadi sikio likaning'inia kama jani. Ndipo sauti ikanirudia. Nikapiga yowe. Watu wakatoka mbio, mawe yakaanza, kioo cha nyuma kikapasuka. Gari likaondoka na miguu ya Waitara ikiwa bado nje ya mlango, wakaivuta ndani wakiwa njiani.

Selestine alitoka nusu ya kidevu ina povu. "Wamemchukua nani?"

"Balozi," nikasema. Nilipolisikia lile neno likitoka kinywani mwangu, nikakaa chini kwenye maji ya kufulia.

Saa tisa wachunga ng'ombe walimkuta Waitara kwenye shamba la mahindi, karibu kabisa na Sirari. Wakamleta hospitali juu ya mlango wa mbao. Nilimkuta Boke amekaa kando yake, kichwa kimefungwa bendeji. Meno ya mbele ya Waitara hayakuwepo. Vidole vyake vilikuwa vimetazama kila upande. Lakini macho yalikuwa yake, na akili ilikuwa yake.

"Shemeji," alisema, mate mekundu yakimtoka, "walitaka majina ya watu wangu."

"Usiseme. Pumzika."

"Niache niseme. Waliniambia, balozi, taja watu wako mmoja mmoja. Kidole kimoja, jina moja. Basi mimi watu wangu ni nani? Nikawatajia. Nyumba ya kwanza, Heche na mkewe. Nyumba ya pili, mama Nyanzobe. Wanaandika! Wanafikiri ni makamanda." Alitaka kucheka, kifua kikakataa. "Nilitaja tisa. Ya nne niliruka. Nilijua wanamtaka nani kwako."

Boke alikuwa ananitazama.

"Halafu akaja mmoja anayemfahamu mgeni wako. Akafungua gunia akasema, wapumbavu, huyu siye. Wakahesabu majina. Wakasema wewe ni balozi wa nyumba kumi na umetaja tisa. Ya nne iko wapi? Nikawaambia ya nne ilianguka mwaka wa mvua kubwa." Akafumba macho. "Walirudia vidole, shemeji. Nikawaambia tena, ilianguka."

Alikufa alfajiri ya Jumatano. Boke alimfunika shuka, akaninyooshea kidole.

"Balozi wako yuko wapi?"

"Nyumbani."

"Anakula?"

"Hali chochote tangu jana."

"Haya." Akanigeuzia mgongo.

Polisi walikuja, wakaandika maelezo, wakataka kumchukua Selestine akalale kituoni kwa usalama wake. Akakataa. Eugenia alimfokea kwenye simu hadi nikasikia mpaka jikoni. "Nimelala mahabusu za nchi tatu," Selestine alimjibu. "Mlango wa mahabusu unafunguliwa kwa simu moja tu ya mkubwa. Nitakaa hapa mpaka Ijumaa."

Nikamwambia: "Basi twende Manchira. Kaka yangu Stanslaus ana shamba pale karibu na bwawa. Tunavuka Mto Mara leo leo, hakuna atakayekujua."

"Ng'ambo ya mto ni wilaya gani?"

"Serengeti."

"Nikivuka nimevunja sharti la mahakama, Mama. Watanirudisha kwa sheria, na hakimu atasema ni haki."

Ndivyo alivyokuwa amefungwa, mtu asiye na kamba. Akienda kaskazini wanamwua, akienda kusini wanamrudisha ili akauawe. Zilibaki siku mbili.

Alasiri Mniko akaja. Huyu ni mtoto mkubwa wa Waitara, ana mke na watoto wawili, fundi wa kuchomelea. Alikuja na wanaume kama kumi, mapanga mikononi, na nyuso za watu wasiolala.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, Mniko. Pole, baba."

"Asante. Toka mlangoni."

"Sitoki."

"Bibi, sina ugomvi na wewe. Nataka huyo aliye ndani. Baba yangu amevunjwa kama kuni kwa ajili yake, na yeye anakunywa chai."

"Hajanywa chai. Na siyo yeye aliyemvunja."

"Wale siwapati! Wako ng'ambo. Huyu ninaye!"

Mmoja nyuma yake akasema: "Tumpeleke Sirari tuwape wenyewe, wamalizane. Kwani yeye ni Mkurya?" Mwingine: "Kwa nini tumpeleke mbali? Amalizwe hapa."

Selestine akatoka mwenyewe, akasimama nyuma yangu. "Niko hapa," akasema. Mniko alinisukuma nikaangukia kuni. Panga likapanda likashuka, lakini lilimpiga kwa ubapa, shavuni, na ngozi ikachanika toka jichoni mpaka kwenye taya. Selestine hakuinua mkono. Damu ikamwagika kwenye shati. Mniko akafuta panga kwenye suruali.

"Kesho saa nane namzika baba," akasema. "Nikishamaliza nakuja kukutoa. Sitaki kufanya kazi mbili kwa siku moja, lakini nitafanya."

Wakaondoka. Nilimshona Selestine kwa uzi wa mikeka na sindano niliyoichemsha. Hakulia. Alisema tu, "Ana haki," nami nikamwambia anyamaze, uzi utakatika.

Alhamisi sikwenda mazikoni. Nani angenikaribisha? Miaka hamsini nimewazika watu wa hapa, nimeimba kwenye kila kaburi, na siku ya Waitara nikakaa kwenye jiko langu nikisikiliza wengine wakiimba nyuma ya minyaa. Mtaa wote ulikuwa kule. Selestine alikuwa amevaa viatu vyake, ameketi ameshika magoti.

"Mniko akija," aliniambia, "usisimame mlangoni."

"Usinifundishe nyumba yangu."

Gari lilikuja saa nane na robo. Siyo lile jeupe, jingine, la kijani. Nadhani walihesabu: siku ya maziko hakuna mtu majumbani. Na walikuwa wamekwisha kuipata nyumba ya nne. Hata ukianza kuhesabu kwa Waitara ukifuata njia ya mguu, huwezi kuikosa.

Mlango ulifunguka kwa teke. Wa kwanza kuingia alikuwa na alama ya mwiko wa moto shavuni. Nilimrushia sufuria ya maji ya ugali yaliyokuwa yanachemka, ikampata usoni, akapiga kelele kama nguruwe. Mwenye kofia akanipiga ngumi ya kifua, nikaanguka, pumzi haziji. Selestine alinyakua mundu. Sikudhani mtu wa kalamu anajua mundu. Alimkata mwenye kofia begani hadi mfupa ukaonekana mweupe, akainua tena, na bastola ikalia. Risasi ikaingia pajani. Akaanguka kwenye jivu. Wakaanza kumburuta, mmoja kwa nywele, mmoja kwa mkono, na mguu wake ukichora damu kwenye sakafu niliyoipaka samadi asubuhi.

Nikatambaa mpaka nje. Nikapiga yowe.

Kule kwenye kaburi waliendelea kuimba. Walinisikia, nawaambia walinisikia. Yowe langu linafika mpaka sokoni. Lakini walijua linatoka nyumba gani, na walijua ni la nani. Wakaimba.

Wameshamfikisha kwenye gari. Ameshika bampa kwa mikono miwili, wanamponda vidole kwa kitako cha bastola. Ananitazama. Dereva anawasha.

Nikajaza kifua changu kilichovunjika. "Waliomuua Waitara wako hapa!"

Wimbo ukakatika. Katikati ya neno ulikatika. Kisha nikasikia minyaa inavunjika.

Hawakupita njiani. Walipita kwenye ua wenyewe, maziwa ya minyaa yakiwachoma macho, wanaume kwa wanawake, wengine na majembe ya kufukia kaburi yakiwa na udongo mbichi. Jeneza waliliacha kwenye kamba, nusu limeshuka. Gari liliruka mbele mita kumi, jiwe likapita kioo cha mbele na kumkuta dereva. Likagonga mti wa mpapai likazimika. Mwenye kofia alifyatua risasi mbili juu. Ya tatu hakuifyatua, maana jembe lilikuwa limekwisha kumfika shingoni. Yule aliyeungua maji alikimbilia chooni akajifungia, wakaling'oa paa. Sikuangalia. Nilisikia. Hata dereva aliyekuwa anaomba kwa lugha yake, mikono juu, hawakumwelewa wala hawakutaka kumwelewa. Ilichukua muda mfupi kuliko kuchinja mbuzi.

Halafu kukawa na kuhema tu, watu zaidi ya mia wakihema.

Mniko alisimama katikati ya boma langu, suti ya maziko imelowa mpaka kwenye viwiko. Akamwona Selestine kando ya gurudumu.

"Na huyu," akasema.

Nilijitupa juu ya Selestine. Mwanamume mmoja akanivuta kwa gauni, likachanika. Nikarudi, wakanivuta tena. Mniko akainua panga, safari hii ubapa haukuwa upande wa chini. Selestine akafumba macho na kusema maneno ya kwao.

"Mniko!"

Alikuwa Boke. Alikuwa amefika polepole, kanga nyeusi kichwani juu ya bendeji, udongo wa kaburi bado uko mikononi. Watu wakampisha.

"Mama, rudi kwa baba," Mniko akasema bila kushusha panga.

"Baba yako walimvunja vidole vyote ili ataje huyu. Alitaja?"

"Mama..."

"Nakuuliza. Alitaja?"

"Hakutaja."

"Ukimkata huyu, baba yako atakuwa ametaja."

Mniko alimtazama mama yake. Midomo yake ilicheza kama ya mtoto. Panga halikushuka haraka. Lilishuka kidogo kidogo kama vile mtu mwingine alikuwa analisukuma kwa chini. Kisha akalitupa, akaenda kwenye mpapai uliovunjika, akatapika.

"Twendeni tukafukie," Boke akasema. "Tumemwacha hewani."

Polisi walikuta kaburi limejaa, watu wamekaa, na maiti tatu kwenye boma langu. Nani aliwaua? Wananchi wenye hasira. Wananchi gani? Wengi. Selestine wakampeleka hospitali, askari wawili mlangoni, na safari hii hakukataa.

Ijumaa Eugenia akanipigia simu analia. Mahakama imekataa. Harudishwi. Na ile nchi ya baridi imemaliza karatasi zake, wiki ijayo anapanda ndege. "Tumeshinda, Bibi," alisema. Nikamwambia sawa, nikakata simu, nikaendelea kufua damu kwenye mkeka.

Jumatatu akaja askari mmoja mpelelezi, anaitwa Wilbard, mgeni wa mkoa huu, mstaarabu. Akaniamkia, akakaa, akafungua daftari.

"Mama, ile serikali imeandika tena. Inasema wale watatu walikuwa watumishi wake. Inataka majina ya waliowaua, na inataka wapelekwe huko wakashitakiwe."

"Wanataka Wakurya sasa?"

"Hatutampeleka mtu. Lakini sheria ni sheria, lazima niulize. Niandike majina ya nani?"

"Andika langu. Mimi ndiye niliyeita."

"Una miaka mingapi, Mama?"

"Sabini na mbili."

"Ulishika silaha gani?"

"Mdomo."

Alinitazama, akatazama nyumba za jirani ambazo kila dirisha lilikuwa limefungwa mchana. "Nitarudi," akasema. Alirudi mara nne. Kila nyumba ilimpa kiti na maji ya kunywa, na kila nyumba ilikuwa haikuona. Mniko aliendelea kuchomelea madirisha yake mjini. Mkewe aliniambia siku hizi hatazami cheche kwa miwani wala bila miwani, anachomelea amefumba macho.

Siku moja kabla ya ndege, Selestine alinituma kwa Boke. Alitaka kumuaga. Nilikwenda nimeinamisha kichwa. Boke alikuwa anaanika mtama, sikio limeshonwa limekaa upande. Alinisogezea kigoda. Hakuwa amefanya hivyo tangu Jumanne ile.

"Anaomba akuage," nikasema.

"Anakwenda wapi?"

"Nchi ya baridi."

"Na vita vyake?"

"Anasema ataendelea kuwasemea watu wake."

Boke alisambaza mtama kwa viganja, akaokota kokoto moja, akaitupa mbali.

"Asije. Shukrani yake sitaki. Mwambie mambo mawili tu. La kwanza, huko aendako asithubutu kufa. La pili, asiandike barua nyingine ya bunduki. Wale vijana wa kwenye daraja nao walikuwa na mama."

"Nani alikuambia habari za daraja?"

"Alimwambia Waitara. Walikuwa wanaongea, hao mabalozi. Ulidhani wanataniana tu?"

Nilimfikishia Selestine maneno yote mawili, kama yalivyo. Alikuwa kitandani, mguu umeinuliwa juu, mshono wangu wa uzi wa mikeka bado uko shavuni, madaktari waliuacha. Alisikiliza hadi mwisho. Akageuza uso kwenye dirisha.

"La kwanza nitajitahidi," akasema.

Nikangoja la pili. Nilingoja sana. Wauguzi wakaingia na kiti cha magurudumu, wakamwinua wakamkalisha, wakamfunika blanketi magotini, wakamtoa.